MUULIZE FUNDI: Spika za nyuma zimenuna

Sikukuu zimeisha na meseji zimefurika. Hizi za Januari nazijua. Watoto walioko Dar na kwingineko walipanda Kilimanjaro na maboksi ya homu thieta kwenye buti, wakaunga nyaya harakaharaka mkesha wa Krismasi, wakapiga muziki siku mbili tatu, wakarudi zao mjini. Wazee wameachiwa rimoti tatu na kijitabu cha maelezo chenye kila lugha isipokuwa yao.

Naomba jambo moja kabla hatujaanza. Usinibebee boksi hadi mezani kwangu Mbuyuni kabla hujasoma ukurasa huu. Mengi yanayofika mezani kwangu yakiwa yamefungwa kwenye kanga ni mazima kabisa. Nikiyaunga na spika zangu yanaimba. Sauti ilipotea njiani, na hiyo njia iko sebuleni kwako: kwenye waya, kwenye menyu ya TV, kwenye flashi, ndani ya kabati. Boksi likija peke yake, ushahidi wote umebaki nyumbani.

*

"Fundi, shikamoo. Nimenunua homu thieta ya mtumba, spika tano na sabufa, ile ya besi. Za mbele zinapiga vizuri, sabufa nayo iko poa, ila mbili za nyuma kimya. Naangalia muvi za kwenye flashi na king'amuzi, vyote vinapitia TV, na TV nimeiunga kwa zile nyaya nyekundu na nyeupe. Fundi wa mtaani anasema bodi imekufa, anataka laki na nusu. Nimpe?"
— Chalii wa Sakina, Arusha

Marahaba, chalii wangu. Usimpe. Kaa na hiyo laki na nusu mpaka umalize majaribio haya, na hayana gharama.

Chukua rimoti ya homu thieta yenyewe, si ya TV. Tafuta kitufe cha TEST. Kama hakipo, ingia kwenye menyu ya spika, utakikuta humo. Ukibonyeza, mashine inatoa mvumo wa "shhhh" unaozunguka: mbele kushoto, kati, mbele kulia, kisha nyuma. Nenda kasimame kando ya spika ya nyuma usubiri zamu yake. Ikitoa "shhhh", basi bodi ni nzima, amplifaya ni nzima, waya ni mzima na spika ni nzima. Hadithi ya laki na nusu imeishia hapo.

Isipotoa, bado usikate tamaa. Zima mashine, chomoa spika moja ya nyuma, uichomeke mahali pa spika ya mbele kwa waya mfupi. Ikipiga, spika haina kosa, tafuta kwenye waya wake mrefu. Nyaya za nyuma hupita chini ya zulia na nyuma ya makochi, na mguu wa kochi la mninga ukikalia waya mwembamba kwa mwaka mzima, shaba ndani inakatika huku plastiki ya nje ikionekana salama. Pitisha vidole polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukifika mahali palipo laini kuliko pengine, umepapata. Na kama nyumba ina panya, anza na panya.

Lakini kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani "shhhh" utaisikia. Sababu ni hizo nyaya nyekundu na nyeupe. Nyekundu inabeba sauti ya kulia, nyeupe ya kushoto, basi. Sauti ya kuzunguka tunayoiita 5.1 ina njia sita: kushoto, kati, kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, na ile ya sita ya besi peke yake, ndiyo hiyo nukta moja. Noah ya kwenda Himo inaweza kupakia abiria mara mbili ya viti vyake na ikafika. Waya hauna ujanja huo. TV yako inatuma njia mbili, mashine inapokea mbili, inazipeleka mbele, na sabufa inachota besi humo humo. Nyuma hakuna kilichotumwa.

Una njia mbili za kutoka. Ya bure ni kubonyeza SURROUND au Pro Logic kwenye rimoti mpaka mashine ichukue sauti mbili na kukisia ipi ipelekwe nyuma. Kwa mpira inatosha kabisa, kelele za mashabiki zinahamia mgongoni kwako. Ya pili ni kuunga kwa waya wa optiki au HDMI, ndipo njia sita za kweli zinaweza kupita.

Ukinunua waya wa optiki, ncha zake huja zimevishwa vikofia vidogo vya plastiki, vingine vyeupe vya kuona ndani, vidogo kuliko punje ya hindi. Watu huchomeka na vikofia vyake, waya unagoma kuingia, wanausukuma kwa nguvu mpaka tundu la TV linavunjika mlango. Vua kwanza. TV ikiwa imewashwa utaona mwanga mwekundu kwenye ncha ya pili. Hiyo ndiyo sauti yenyewe, inasafiri kama mwanga. Huoni mwekundu? Rudi kwenye TV.

Kisha ingia menyu ya sauti ya TV, sehemu ya sauti ya dijitali inayotoka nje. Ukikuta PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa, hapo ndipo wengi wanapokwama. Kwenye optiki, PCM ni njia mbili tu. Badilisha iwe Auto, Bitstream au Dolby Digital, kila kampuni ina jina lake. Ukitumia HDMI, si kila tundu linafaa: tafuta lililoandikwa ARC (linalorudisha sauti kutoka TV kwenda homu thieta), kwenye TV na kwenye homu thieta pia, kisha uwashe CEC (inayoruhusu vifaa viamrishane kupitia HDMI) kwenye menyu, maana kwa TV nyingi ARC haiamki bila CEC. ARC ilikuja na HDMI toleo la 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo TV ya kabla ya hapo usiipekue.

Sasa tuje kwenye flashi, na hapa nitakuudhi. Hizo muvi za kutafsiriwa unazojaziwa kwenye vibanda, yule jamaa anayesimulia amewekwa juu ya sauti ya muvi, kisha vyote vikabanwa kuwa stereo, yaani njia mbili, ili muvi nyingi zienee kwenye flashi moja. Njia za nyuma zilikufa siku hiyo hiyo, kabla hazijafika Sakina. Hata uweke spika za milioni tano hazitafufuka. Mimi mwenyewe nazipenda muvi hizo, jamaa anapoanza kumtania adui huwa nacheka peke yangu, lakini sipimi homu thieta kwazo. Pima kwa DVD halisi: kwenye menyu ya diski chagua 5.1, tafuta mahali penye mvua au helikopta, usikilize mgongoni. Nacho king'amuzi chetu, chaneli nyingi za hapa nyumbani zinakuja stereo, usiitese mashine.

Na usitegemee spika za nyuma zipige muda wote. Watu wawili wakikaa mezani wanaongea, nyuma kunaweza kuwa kimya dakika tano na kila kitu kiko sawa. Nimeshaletewa mashine nzima kwa sababu hiyo tu.

*

"Habari za kazi, fundi. Usiku nikiangalia sinema, watu wakiongea sisikii kitu, naongeza sauti. Mara bomu linalipuka, mtoto anaamka, na baba yake ananigeuzia kibao mimi. Naishi na rimoti mkononi. Kuna dawa?"
— Mama wa mtoto mchanga, Rau, Moshi

Pole, dada, na hongera kwa mtoto.

Karibu maneno yote ya sinema yanapita kwenye spika ya kati. Sasa niambie, hiyo spika iko wapi? Nimeingia sebule nyingi za Moshi. Kabati la vioo, TV katikati, picha ya harusi, picha ya kipaimara, na spika ya kati imesukumwa ndani kabisa kwenye shelfu ya chini, mbele yake kuna glasi za wageni na juu imeteremshiwa kitambaa cha kufuma. Kitambaa kinapendeza, sibishani na mama mwenye nyumba. Ila herufi kama s, f na t zina sauti nyembamba, nazo ndizo za kwanza kuzuiwa. Unabaki kusikia mtu ananguruma bila kuelewa anasema nini. Ivute spika mpaka uso wake ulingane na ukingo wa shelfu. Kama iko chini, iinue mbele kwa kipande cha mbao ielekee masikio ya aliyekaa kwenye kochi.

Halafu ingia menyu ya spika, uipandishe ya kati peke yake kwa desibeli 3. Usiguse nyingine. Jaribu siku mbili, ukihitaji ongeza kidogo. Kwa usiku tafuta kitu kinachoitwa NIGHT au DRC: kinashusha milipuko na kuinua minong'ono. Kiwashe mtoto akilala, ila ukipiga muziki mchana kizime, maana kinaufanya uchoshe.

Kama spika ya kati uliihamishia jikoni (najua mnafanya hivyo), iambie mashine haipo. Kwenye menyu weka NONE. Mashine itayagawa maneno kwa spika za kushoto na kulia. Usipoiambia itaendelea kuyatuma kwenye tundu tupu, na wewe utaendelea kutazama midomo.

Kwa wasomaji wa nyumba mpya, zile za vigae chini na jipsamu juu: piga kofi moja katikati ya sebule. Likikujibu kwa mlio wa "tring", hakuna menyu itakayokusaidia. Tundika mapazia mazito, tandika zulia, ndipo uguse rimoti.

*

"Mangi, nina kibanda umiza hapa Pasua. Mechi ikipamba moto amplifaya inazima, inaandika PROTECT. Ni tangu niongeze spika mbili ili na waliokaa nje wasikie. Juzi wateja walitaka kurudishiwa hela. Nifanyeje?"
— Mwenye kibanda, Pasua, Moshi

Warudishie hela yao, mangi, halafu tuongee.

PROTECT maana yake mashine imejizima isiungue. Geuza amplifaya, usome maandishi madogo karibu na matundu ya spika. Nyingi zimeandikwa omu 6 hadi 8, au zaidi. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Sasa geuza spika zako. Tuseme kila moja ni omu 8. Ukichukua mbili ukazichomeka tundu moja, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, hupati 8, wala hupati 16. Unapata 4. Mashine iliyotengenezwa kuhimili 6 sasa inasukuma umeme mwingi kuliko uwezo wake. Mtangazaji akiongea taratibu inavumilia. Goli likiingia, watu wakapiga kelele, wewe ukaongeza sauti ili mtangazaji asikike, joto linapanda na inajizima. Ndiyo maana inakuaibisha wakati wa goli tu.

Ukiziunga kwa kufuatana, yaani nyeusi ya spika ya kwanza iende kwenye nyekundu ya pili, unapata omu 16. Mashine itapumua, lakini sauti itapungua, na kwa kibanda hutafurahi. Ushauri wangu: tafuta amplifaya ndogo ya mtumba kwa ajili ya wale wa nje, uiache hii na spika zake za awali. Na king'amuzi kisikae juu yake. Amplifaya inatoa joto kwa juu, iachie nafasi ya kiganja kizima, na ukiweza iwekee feni ndogo.

Kabla ya kununua chochote, washa tochi uangalie nyuma. Waya wa spika umesukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba kama nywele, na uzi mmoja tu ukitoka kwenye nyekundu ukagusa nyeusi, PROTECT inakuja hapo hapo. Zisokote vizuri, ukate za ziada. Mwisho, zima, chomoa spika zote, uwashe mashine ikiwa tupu. Ikitulia, rudisha spika moja moja, ukizima kila unapochomeka, mpaka umpate mkosaji. Ikiandika PROTECT bila spika hata moja, transista za mwisho zimekwenda. Hiyo niletee, lakini si siku ya mechi.

*

"Mashine yangu inaunguruma 'mmmm' hata sauti ikiwa sifuri. Nikigusa king'amuzi, mngurumo unabadilika. Nimenunua spika mpya, bado."
— Mfanyabiashara, Usa River

Spika umezionea bure, kaka. Umeme wetu ni wa hezi 50, na huo "mmmm" ni umeme wenyewe umepenya kwenye njia ya sauti. Kwa kuwa unabadilika ukigusa king'amuzi, anza hapo: zima vyote, chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi, washa homu thieta. Kukiwa kimya, umepata.

Kinachotokea ni hiki. Dishi limefungwa kwenye bomba lililosimama ardhini, na ganda la waya wake limegusa chuma hicho. Amplifaya nayo inapata eathi kupitia plagi ya miguu mitatu. Eathi mbili za sehemu mbili hazina volti sawa, kwa hiyo umeme kidogo unatembea kutoka moja kwenda nyingine, na barabara iliyo wazi ni ganda la waya wako wa sauti. Chomeka TV, king'amuzi na amplifaya kwenye ekstensheni moja, ya miguu mitatu na nzima. Mara nyingi inaisha. Isipoisha, unga king'amuzi na mashine kwa optiki. Mwanga haupitishi mngurumo. Pia mwite fundi wa umeme wa majumbani apime rodi ya eathi, hasa kiangazi udongo ukikauka.

Kuna mafundi watakaokushauri uukate ule mguu wa tatu wa plagi. Ni kweli mngurumo utanyamaza. Lakini siku waya wa ndani ukigusa boksi la chuma la mashine, atakayeigusa mashine ndiye atakuwa eathi. Usikate.

Kama umechomoa nyaya zote za kuingiza sauti na bado inaunguruma, kapasita kubwa za ndani zimechoka, vichwa vyake utakuta vimevimba. Usifungue mwenyewe, zinatunza umeme hata plagi ikiwa nje. Hiyo njoo nayo.

*

"Sauti inatangulia midomo ya wasemaji. Vilevile jirani yangu hushangilia goli kabla mimi sijaliona. Je, ni kasoro moja?"
— Mwalimu mstaafu, Kibosho

Shikamoo, mwalimu. Ni mambo mawili. TV za kisasa huichakata picha kwanza, kuing'arisha na kuilainisha, na sauti haiisubiri. Kwenye amplifaya tafuta AUDIO DELAY au LIP SYNC, anza na milisekunde 40, panda kidogo kidogo mpaka mdomo na neno vikutane. Ingekuwa kinyume, sauti inachelewa, ningeuliza kama unatumia Bluetooth.

Jirani hana mashine bora kuliko yako. Satelaiti za dishi ziko kama kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kupanda na kushuka tu kunakula robo ya sekunde. Kuibana na kuifungua picha kunakula zaidi, na anayeangalia kwa intaneti anaweza kuchelewa sekunde nyingi. Hakuna kitufe cha hilo. Funga dirisha la upande wake, mwalimu.

*

"Nimehamia Muriet na vyombo vyangu vyote, lakini besi sijui imebaki wapi. Sabufa inapiga, ila ukikaa kwenye kochi husikii kitu."
— Kijana wa Muriet, Arusha

Wakati wa kuhama waya mmoja uligeuzwa. Nyekundu ikiingia kwenye nyeusi upande mmoja, koni ya kushoto inatoka nje wakati ya kulia inaingia ndani, na besi zinakulana katikati, pale pale kwenye kochi. Chomoa spika kwenye mashine, chukua betri ya rimoti ya volti 1.5, gusisha mara moja: chanya kwenye waya unaouita chanya. Koni ikiruka kuja mbele, uko sahihi. Ikirudi nyuma, geuza. Fanya hivyo kwa spika zote. Sabufa yenye umeme wake usiiguse kwa betri, hiyo ina swichi ya 0 na 180 nyuma, jaribu zote mbili.

Ikishindikana, iweke sabufa juu ya kochi unapokaa, piga wimbo wenye besi ya kutulia, halafu tembea kwa magoti ukizunguka kuta za chumba. Mahali utakapoisikia besi imejaa bila kuvuma, hapo ndipo pa kuiweka sabufa. Funga mlango kwanza, wapangaji wenzako wasije wakadhani umepandisha mashetani.

*

"Kaka yangu kanitumia homu thieta kutoka Marekani. Nichomeke tu?"
— Dada wa Kijenge, Arusha

Hapana! Geuza usome karibu na mahali waya wa umeme unapoingia. Ikiandikwa 100–240V, chomeka kwa amani. Ikiandikwa 120V 60Hz, ukuta wako una 230 na itaungua kabla hujakaa. Nunua transfoma ya kushusha 230 kwenda 110, yenye wati zaidi ya zilizoandikwa kwenye mashine, kama mara moja na nusu hivi. Kama ulishachomeka ukasikia "pa!" na harufu, usijaribu tena. Ichomoe, uilete hivyo hivyo ilivyo. Fyuzi ikiwa ndiyo iliyojitoa mhanga peke yake, utaondoka nayo siku hiyo hiyo.